Uuguzi wa mama mzazi na mtoto mchanga katika maternite moja ya Ibanda, Bukavu

Watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanapoulizana habari za maternite, yaani mahali pa kuzalia, maswali huwa ni yale yale: je, daktari analala pale pale, kuna chumba cha upasuaji, jenereta inawaka umeme ukikatika, faktire, yaani bili, ni kiasi gani? Ni maswali ya lazima, na hakuna familia inayopaswa kuyaruka. Hata hivyo, mimi niliyekaa kando ya kitanda cha binti wa kaka yangu tangu alipotolewa chumba cha kuzalia mpaka alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, nimeona kwamba swali kubwa huachwa bila kuulizwa: mtoto akishalia, jamaa wakishapiga simu za furaha, mkunga akishavua glavu zake, nani anabaki na mama, na anafanya nini? Wengi wa akina mama wanaouawa na kutokwa damu hufariki ndani ya saa 24 baada ya kuzaa, na kati ya watoto wanaokufa wakiwa wachanga, karibu robo tatu hufa katika juma la kwanza. Nchini mwetu, uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013–2014 ulikadiria vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kwa sababu hiyo tathmini hii inahusu uuguzi wa baada ya kuzaa peke yake, na chumba cha kuzalia nitakipita bila kuingia.

Maternite ninayoizungumzia ni sehemu ya kituo cha afya cha binafsi kilichoko kwenye mteremko katika komine (wilaya ya mji) ya Ibanda, na mgonjwa akizidiwa hupelekwa hospitali kubwa. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitasifu na nitalaumu, na baadhi ya makosa nitakayoyaeleza yameenea katika vituo vingi vya mji huu, hata kukitwisha kituo kimoja lawama yote kusingekuwa haki. Msomaji ayachukue yaliyomo humu kama vipimo vya kupimia maternite ya mtaani kwake, iwe Kadutu, Bagira au kwingineko.

Chumba cha wazazi kina vitanda vichache, kila kimoja na chandarua chake, na sakafu ilipigwa deki asubuhi na jioni. Maji ya bomba yanapokosekana, jambo la kawaida kwetu ingawa ziwa liko chini ya macho yetu, wahudumu huleta bidoni zilizojaa na sabuni haikosekani kwenye karo. Chakula huletwa na familia, kama ilivyo karibu kila mahali. Kituo kilichangia uji wa masoso (mahindi, mtama na soya) wa asubuhi, nao ulikuwa moto na mzito wa kutosha.

Kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika katika saa za kwanza, wakati mama alipokuwa amechoka na sisi jamaa tulikuwa tukimwangalia mtoto tu. Muuguzi alikuja mara kwa mara, akaweka kiganja juu ya tumbo, karibu na kitovu, na kupapasa mfuko wa uzazi. Alimweleza binti yetu, kisha akanieleza na mimi, kwamba kondo likishatoka, mishipa ya damu iliyokuwa ikimlisha mtoto hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe inapokaza. Ukikaza vizuri unauhisi mgumu kama embe bichi, ukilegea unakuwa laini na damu inatiririka. Aliushika mkono wa mama mzazi akauweka pale ili aijue tofauti mwenyewe. Kisha alifunua shuka akaangalia damu, akapima tansio, yaani shinikizo la damu, akahesabu mapigo ya moyo, akapima joto, na yote akayaandika kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni pa kitanda, pamoja na saa na sahihi yake. Karatasi ile naisifu kwa moyo wote. Zamu ilipobadilika, muuguzi aliyekuwa akitoka na aliyekuwa akiingia walisimama pamoja mbele ya kitanda, wakaisoma, na aliyeingia akapapasa tumbo kwa mkono wake kabla mwenzake hajaondoka.

Jambo jingine ambalo wengi hulidharau ni mkojo. Kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi na kuuzuia usikaze, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mkojo wa kwanza wa mama uandikwe ndani ya saa sita baada ya kuzaa. Muuguzi alimsaidia binti yetu kusimama, akampeleka chooni akiwa amemshika kiunoni, akamsubiri mlangoni, akamrudisha, kisha akaandika. Hakumwachia jamaa kazi hiyo. Mwanamke aliyetoka kuzaa huweza kuzirai anaposimama mara ya kwanza, na nimewahi kusikia habari za walioangukia sakafu ya choo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwashika.

Dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, oksitosini, huchomwa mara mtoto anapotoka, nayo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa kuwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika kwa saa nyingi, niliuliza dawa hiyo inakaa wapi, nikaonyeshwa jokofu linaloendeshwa na nguvu ya jua, lenye kipimajoto na daftari ambamo joto huandikwa asubuhi na jioni. Naomba kila familia iulize swali hilo mapema, kwa sababu dawa iliyopoteza nguvu kwa joto hufanana machoni na dawa nzima, na mtu huja kuijua damu inapokataa kusimama.

Pamoja na sifa hizo, kiasi cha damu iliyotoka kilikadiriwa kwa macho tu, na hapo nilitamani maendeleo. Macho ya binadamu, hata ya mkunga mzoefu, huiona damu kuwa kidogo kuliko ilivyo, hasa ikiwa imenywewa na vikwembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo uliowekwa chini ya mama, ukaunganishwa na matibabu yote kutolewa kwa pamoja bila kungojana: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, maji ya mshipa na uchunguzi wa chanzo cha damu. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari si kifaa kinachoishinda maternite inayoweza kununua jokofu la jua, na nilimwambia hivyo mkuu wa wauguzi, naye akanisikiliza kwa heshima.

Upande wa mtoto, adui wa kwanza mjini kwetu ni baridi. Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na usiku wa mvua ubaridi hupenya hata dirisha lililofungwa. Mtoto mchanga hutakiwa kuwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5; akishuka chini ya hapo hutumia nguvu zake kujipasha, huchoka, huacha kunyonya, na asiyenyonya huzidi kupoa. Mtoto wetu alikaushwa mara alipozaliwa na kuwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia kichwani na kitenge juu yao wote wawili, akabaki hapo zaidi ya saa moja. Alipimwa uzito baadaye, baada ya kunyonya, kwa kuwa mizani inaweza kungoja.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala na mama mkwe wa binti yetu, aliyekuwa ametoka Walungu akiwa na beseni, sabuni na mafuta, tayari kumwogesha mjukuu kama alivyowaogesha watoto wake wote. Kwake yeye, kumwacha mtoto bila kuogeshwa lilikuwa jambo la aibu kwa familia nzima. Muuguzi alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alipiga goti kidogo, akamshika mkono, akasema: «Mama, tumpe kwanza siku moja ya joto la mama yake. Kesho utamwogesha wewe mwenyewe, na mimi nitakuletea maji ya moto.» Kisha akamweleza kwamba ile nta nyeupe iliyompaka mtoto inalinda ngozi, na kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau saa 24 kabla ya kumwogesha. Kesho yake maji ya moto yaliletwa kama ilivyoahidiwa, mlango ukafungwa, na mama mkwe akamwogesha mjukuu wake. Nimekwisha kuwaona wauguzi wanaowafokea wazee kwa jambo dogo kuliko hilo, na matokeo yake ni kwamba mzee hunyamaza hospitalini, kisha nyumbani hufanya anavyotaka.

Kwa heshima hiyo hiyo walizungumzia kitovu. Kiliachwa kikavu na wazi, nepi ikakunjwa chini yake, na familia ikaambiwa waziwazi kwamba majivu, mafuta ya mawese, chumvi na majani yaliyosagwa yanaweza kuingiza pepopunda na uchafu mwingine katika damu. Kwa kuwa desturi hizo bado zipo katika vijiji vinavyotuzunguka, kituo hutoa pia jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1 ya kupaka mara moja kwa siku katika juma la kwanza, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza mahali ambapo vitu vyenye madhara hupakwa kitovuni. Ni uamuzi wa busara. Bibi aliyepewa kitu cha kupaka anarudi nyumbani akiwa na kazi mkononi, naye huifanya kwa uangalifu. Mtoto alipakwa dawa ya macho, akachomwa vitamini K miligramu 1 pajani ili damu yake iweze kuganda, na kabla ya kuondoka akapewa chanjo ya BCG na matone ya kwanza ya polio.

Nikija kwenye kunyonyesha, ningependa kukaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoona ustadi ambao hauonekani katika faktire yoyote. Binti yetu ni mzazi wa kwanza. Usiku ule mtoto alilia, chuchu zikaanza kuuma, na kufikia alfajiri tayari jamaa mmoja alikuwa ameshauri litafutwe kopo la maziwa ya unga na mwingine maji ya sukari. Muuguzi wa usiku hakuhutubia. Alivuta kiti, akaketi, akaomba ruhusa ya kutazama, akaona kwamba mtoto alikuwa akivuta ncha ya chuchu tu huku shingo yake ikiwa imepinda. Alimgeuza mtoto mwili mzima, tumbo lake likaelekea tumbo la mama, akangoja afungue kinywa kwa upana kisha akamsogeza kwenye titi badala ya kulipeleka titi kwa mtoto, mpaka sehemu kubwa ya duara jeusi ikaingia kinywani. Maumivu yakapungua, na tukasikia mtoto akimeza. Ndipo alipoeleza kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano ambayo baadhi ya wazee huyakamua na kuyamwaga, ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na kwamba yamejaa kinga. Kwamba mtoto atanyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku wake. Kwamba maziwa mengi huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Na kwamba uzito kupungua kidogo katika siku za kwanza si ugonjwa, mradi usipungue zaidi ya asilimia 10 na uwe umerudi ndani ya juma la pili. Maji ya sukari hayakutolewa tena kwenye kikapu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama aliyezaa kabla ya wakati, mtoto wake akiwa chini ya kilo 2. Kituo hakina mashine za kupasha joto watoto njiti, na kwa miaka mingi upungufu huo ungekuwa sababu ya kukata tamaa. Mtoto alifungwa kifuani kwa mama kwa kitambaa cha kuvutika, mchana na usiku, na mama alipohitaji kuoga dada yake alimpokea kwa namna ile ile. Njia hii, inayoitwa ya kangaruu, ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wote wenye uzito mdogo, saa 8 hadi 24 kwa siku, ianzishwe mapema iwezekanavyo. Nilichokipenda ni kwamba wauguzi hawakuiacha njia hiyo kuwa kazi ya familia peke yake: walihesabu pumzi, walipima joto, walimfundisha mama kukamua maziwa na kumpa mtoto kwa kikombe kidogo, na walikuwa wamekwisha kuandika barua ya kumhamishia hospitali ya rufaa endapo angeanza kupumua kwa shida.

Sasa niseme yaliyoniumiza. Usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa chumba chote cha wazazi, na palipokuwa na mama wa kuzalishwa, aliitwa kusaidia huko. Kwa muda mrefu usiku mmoja wapo hakuna aliyepita vitandani, na aliyegundua kwamba mama mmoja amelowana damu alikuwa mlinda mgonjwa wake. Alitibiwa, akapona. Lakini kipimo cha uuguzi wa baada ya kuzaa ni kwamba mhudumu aione hatari kabla ya familia, na kwa muuguzi mmoja kati ya vyumba viwili jambo hilo haliwezekani, hata awe hodari kiasi gani. Lawama yangu ni kwa mpangilio wa zamu, na dada yule aliyekimbia usiku kucha kati ya milango miwili anastahili shukrani.

La pili ni faktire. Mama mmoja aliyekuwa amepewa ruhusa na daktari aliendelea kukaa, nguo zake zimefungwa, mtoto mgongoni, kwa sababu mume wake alikuwa hajapata fedha zilizobaki. Hakufungiwa mlango, lakini mlinzi wa getini alikuwa na maagizo, na yeye alijua. Desturi hii ya kuwashikilia wazazi kwa deni ipo nchini mwetu kwa miaka mingi, na wakuu wa vituo hujitetea kwamba bila hiyo wasingeweza kulipa mishahara wala dawa. Shida yao naielewa, hasa tangu benki za mji huu zifungwe mwaka 2025 na fedha taslimu kuwa ngumu kupatikana. Hata hivyo, mama aliyezaa si dhamana ya deni. Akikaa pale bila sababu ya kiafya hupata aibu, mtoto hukaa karibu na wagonjwa, na kitanda hunyimwa mwingine. Mbaya zaidi, habari hizo zikifika mtaani, mwanamke mwingine huamua kuzalia nyumbani. Kituo kina utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kwa simu tangu ujauzito. Utaratibu huo ndio ungepaswa kutangazwa kwa sauti kubwa siku ya kwanza ya kliniki, badala ya kutajwa deni linapokwisha kuwa kubwa.

La tatu linahusu moyo wa mama. Walipima damu, joto, tansio na mkojo, na hakuna aliyemwuliza binti yetu: unajisikiaje, unalala, unaogopa nini? Katika mji ambao wanawake wengi wamebeba mimba katikati ya milio ya risasi, wengine wakiwa wamekimbia vijiji vyao, wengine wakiwa hawana habari za waume zao, swali hilo lina uzito sawa na kupima tansio. Yapo maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ambayo muuguzi anaweza kumwuliza mama kwa dakika chache ili kutambua huzuni ya baada ya kuzaa, na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka kila mama mzazi achunguzwe kwa kipimo cha namna hiyo na asaidiwe. Mji wenye hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 na kujulikana duniani kwa kuwahudumia wanawake mwili na moyo, haukosi watu wa kuwafunza wauguzi wa vituo vidogo namna ya kuuliza.

Mazungumzo ya uzazi wa mpango yalifanyika vitandani, jamaa na majirani wakisikia, na binti yetu alijibu kwa kichwa tu. Faragha ya pazia ingetosha.

Siku ya kuruhusiwa, baada ya zaidi ya saa 24 kama inavyotakiwa hata kwa uzazi usio na tatizo, muuguzi aliwaita mama, mama mkwe, mimi, na akasisitiza baba wa mtoto aingie naye. Baba huyo alikuwa amezuiwa mlangoni siku zote isipokuwa saa za kuwaona wagonjwa, ingawa ndiye ambaye angepaswa kutafuta pikipiki hatari ikitokea usiku, wakati ambapo usafiri mjini kwetu ni mgumu. Alielezwa kwa makini. Mama arudishwe bila kungoja asubuhi akitokwa damu nyingi au mabonge makubwa, akipata homa, akiumwa kichwa sana au kuona ukungu, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kuzaa, akitoa uchafu wenye harufu mbaya, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Mtoto arudishwe akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea, mwili ukiwa wa moto au baridi, asipojisogeza bila kuguswa, kitovu kikiwa chekundu au kutoa usaha, na manjano yakionekana siku ya kwanza au yakifika viganjani na nyayoni wakati wowote. Kisha muuguzi akamwomba baba ayarudie yote kwa maneno yake mwenyewe. Aliposahau lile la mguu, akamkumbusha, na akamwomba aanze upya. Walipewa pia hati ya kuzaliwa ya kituo, na kuelezwa kwamba mtoto huandikishwa komine bila malipo ndani ya siku 90.

Huduma inayoifanya maternite hii istahili kuandikiwa ni kumfuata mama nyumbani. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe angalau mara tatu baada ya kutoka kituoni: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la sita. Kwetu Bukavu mama aliyezaa hutarajiwa kukaa ndani, kunywa uji, kula sombe na sambaza, na kupumzika. Kumtaka ashuke na kupanda ngazi za udongo za mteremko, mshono ukiwa haujakauka, mtoto akipigwa na upepo, ni kumwambia asije. Muuguzi alikuja siku ya tatu, viatu vikiwa na matope, akiwa na mfuko wenye mizani ya kuning'iniza, kipimajoto na mashine ya tansio. Aliomba maji na sabuni kwanza. Alimsogeza mtoto dirishani, penye mwanga wa mchana, akabonyeza ngozi ya paji la uso, ya kifua na ya mguu kuona kama kuna manjano chini yake. Alitazama kitovu, akahesabu pumzi akiangalia saa, akauliza nepi ngapi zimelowana tangu jana. Alimwangalia mama matiti, tumbo, mshono na damu, akapima tansio, akaangalia kama vidonge vya madini ya chuma vinamezwa, na akatazama hata pale mtoto alipolazwa, akaondoa mto mkubwa uliokuwa karibu na uso wake.

Ziara hiyo ilifichua jambo ambalo lisingeonekana kituoni. Titi moja lilikuwa limeanza kujaa, gumu na lenye joto upande mmoja, na mama alikuwa ameacha kulinyonyesha kwa sababu ya maumivu, akiambiwa na majirani kwamba maziwa yake yameharibika. Muuguzi alimwonyesha namna ya kuendelea kunyonyesha upande huo, kukamua kidogo kwa mkono kabla ya mtoto kushika, na kuweka kitambaa baridi baada ya kunyonyesha. Akamwambia kwamba homa ikija aje kituoni siku hiyo hiyo. Titi lilitulia bila dawa. Katika ziara ya juma la pili mtoto alikuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa na kuupita. Ziara ya tatu hufanyika kituoni, juma la sita, siku ya kilo, yaani ya kupima watoto uzito, ili mtoto apate chanjo zake hapo hapo na mama apimwe kwa wakati mmoja; mpango mzuri, ila foleni ni ndefu na mama hupimwa kwa haraka baada ya mtoto, pengine bila hata kulala kitandani.

Kuhusu malipo, bei zimebandikwa ukutani kwa dola na kwa franka, na ziara mbili za nyumbani zimo ndani ya gharama ya kuzaa kwa wanaoishi katika eneo la kituo. Wa mbali huongeza nauli ya muuguzi. Jeli ya kitovu na chanjo hazikutozwa. Glavu na sindano za ziada ziliandikwa moja moja, nami nilipoomba kuelezwa kila mstari nilielezwa bila kukasirikiwa. Wenye mutuele ya afya (bima ya kuchangiana) wabebe kadi mapema, maana ofisi hufungwa saa tisa alasiri.

Kwa mama mwenye mimba isiyo na matatizo, anayeishi Ibanda au jirani, ningeipendekeza maternite hii kwa ajili ya ziara za nyumbani, karatasi ya kitandani na mikono ya wauguzi wake, na ningemshauri aje na mlinda mgonjwa asiyelala usingizi mzito. Mwenye mapacha, mwenye tansio ya juu, aliyewahi kupasuliwa, au aliyewahi kutokwa damu nyingi katika uzazi uliopita, azalie hospitali kubwa yenye damu ya kuongezewa na daktari wa usiku, kisha akirudi nyumbani aombe kuandikishwa kwa ziara za kituo hiki. Huwapokea hata waliozalia kwingine, mradi walete karatasi zao.